Figili za Marikiti: Tathmini Baada ya Wiki Sita za Kuzipika

Kwa wiki sita mfululizo nimekuwa nikinunua figili mara mbili kwa wiki, nyingi kati yake kutoka Marikiti, soko letu la Mombasa, na kuzipika nyumbani kwangu Tudor kwa watu sita wasiokubaliana juu ya jambo lolote mezani: mume wangu, ambaye kwake chakula kisicho na samaki hakijaiva, watoto wetu watatu, mama mkwe wangu, na mimi mwenyewe. Chanzo chake ni mama mkwe. Ana ugonjwa wa sukari, na mtaalamu wa lishe alimshauri apunguze viazi. Lakini viazi ndivyo vinavyojaza mchuzi katika nyumba nyingi za Mombasa, na anayeviondoa lazima atafute kitu cha kuziba pengo hilo, la sivyo siku ya pili utamkuta mgonjwa amerudi kwenye sufuria kwa siri.

Ninachotathmini hapa ni bidhaa yenyewe, yaani figili kama mboga ya kila siku: bei yake, urahisi wa kuipata ikiwa mbichi na nzima, namna inavyopokea viungo vyetu, na mahali inaposhindwa. Sitathmini kibanda cha mtu fulani. Niliyonunua ni ya aina mbili. Ya kwanza ni nyeupe, ndefu, nene kama mkono wa mtoto, ambayo wengi mjini huiita muli kwa kufuata Kihindi. Ya pili ni ile ndogo nyekundu ya mviringo ambayo hukatwa ikapambwa juu ya saladi za mikahawani na kuachwa pembeni ya sahani na karibu kila mtu. Neno figili lenyewe limetufikia kutoka Kiarabu, na Waarabu hadi leo huiweka mezani mbichi, na majani yake, kando ya samaki au maharagwe. Kwa hiyo mboga hii si mgeni hapa pwani. Tumeizoea kwa jina kuliko kwa ulimi.

Nianze na ununuzi, kwa sababu hapo ndipo nusu ya mafanikio au hasara hupatikana. Figili ni mboga ya baridi. Joto likizidi hukimbilia kutoa shina la maua, na mzizi wake huwa mkali, mgumu na wenye nyuzi. Ndiyo sababu nyingi ya zile tunazoziona sokoni hazikukua katika ukanda wa pwani bali zimeshuka kutoka sehemu za juu, ikiwamo milima ya Taita, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiilisha Mombasa mboga. Maana yake ni kwamba figili inapofika Marikiti imeshasafiri, na kila saa inayokaa kwenye jua la Barabara ya Digo inazidi kupoteza maji. Nilijifunza kufika kabla ya saa tatu asubuhi. Saa sita majani huwa yamelala, na yakishalala hayafufuki.

Mama mmoja muuzaji, aliponiona nikichagua muli zilizonyooka na kung'aa, alinipokonya moja mkononi na kunipa nyingine iliyopinda. "Mwanangu, usitazame sura, pima uzito," akasema, kisha akaigonga kwa ukucha ili nisikie. Figili nzuri ni nzito kuliko unavyotarajia ukiitazama, na ukiigonga hutoa sauti iliyojaa. Iliyokaa sana shambani au sokoni huwa nyepesi, na ndani yake kuna kitu kama sifongo: nyeupe, kavu, isiyo na ladha, ambayo haifai kwa mapishi yoyote ninayoyajua. Siku niliyopuuza somo hilo nilinunua mtaani kwetu, kwenye mkokoteni, muli mbili nene kwa bei ya kutupa, na nilipozipasua zote mbili zilikuwa na pamba. Nilizitia kwenye taka pamoja na tamaa yangu.

Kuhusu bei, shada la muli tatu pamoja na majani lilinigharimu shilingi 80 mara nyingi, na nilipolipima nyumbani lilikuwa na uzito wa takriban gramu 900. Figili nyekundu nilizipata katika duka moja kubwa la kujihudumia, zimekatwa majani na kufungwa kwenye plastiki, gramu 250 kwa shilingi 100. Atakayepiga hesabu ataona kwamba kwa kilo nyekundu ilikuwa zaidi ya mara nne ya nyeupe, na bila majani. Isitoshe, moja ya pakiti hizo ilikuwa na maji ya utelezi chini yake, na niliporudi kulalamika nilijibiwa kwamba mboga hazirudishwi. Sikununua tena pale.

Sasa thamani yake mwilini, ambayo nitaieleza bila chumvi nyingi, kwa sababu sokoni nimesikia figili ikisifiwa kana kwamba ni hospitali. Karibu asilimia 95 ya figili ni maji. Gramu 100 za ile nyekundu ikiwa mbichi zina kalori zipatazo 16 na wanga wa takriban gramu 3.4, ilhali kiazi kibichi cha uzito huohuo kina wanga wa gramu 17 hivi. Hiyo ndiyo takwimu iliyomhusu mama mkwe. Ina pia potasiamu, nyuzinyuzi kiasi, na vitamini C ya takriban miligramu 15 katika gramu hizo 100, ambayo ni theluthi moja ya miligramu 45 ambazo Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima kwa siku. Lakini vitamini hiyo hupungua ikichemshwa, kwa hiyo anayeitaka na aile mbichi. Zaidi ya hapo, figili ni mboga nzuri ya kawaida, ya ukoo mmoja na kabichi, sukuma wiki na haradali, na ukoo huo unatosha kuipa heshima bila kuifanya dawa.

Ukoo huo ndio unaoeleza ukali wake, na ukiuelewa ukali huo mapishi yote huwa mepesi. Figili ikiwa nzima haina ukali. Ndani yake kuna viambato vyenye salfa vilivyowekwa mbali na kimeng'enya chake, yaani protini inayovichochea vibadilike, na ni pale kisu au jino linapozipasua chembe ndipo viwili hivyo hukutana na kuzalisha ule moto unaopanda puani, ambao ni ndugu wa moto wa haradali. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko kwenye ganda. Kwa hiyo anayetaka figili ya upole aimenye, anayetaka ya kuamsha aile na ganda lake, na anayeipika ajue kwamba joto hukiua kimeng'enya na kilichobaki ni utamu wa chini kwa chini, karibu na ule wa kabichi changa. Watoto wangu, waliokuwa wakiikataa ikiwa mbichi, waliila iliyopikwa bila kuuliza jina lake.

Kitu cha kwanza nilichokifanya kilikuwa kachumbari, na ndicho nitakachokipendekeza kwa anayeanza. Nilikata muli moja iliyomenywa vipande vyembamba kama njiti za kiberiti, nikainyunyizia chumvi nusu kijiko cha chai na kuiacha robo saa, kisha nikaikamua kwa viganja. Kitunguu nilikiosha kwa chumvi kama tunavyofanya siku zote ili kisikere, nikachanganya na dania, pilipili mbichi moja na ndimu mbili. Nyanya sikutia. Figili ina maji ya kutosha, na ukiiongezea nyanya baada ya dakika kumi utakuwa na bakuli la supu baridi. Kachumbari hiyo tuliila na changu wa kukaanga na sima, na mume wangu, ambaye hajawahi kusifu kachumbari maishani mwake, alisogeza bakuli upande wake wa meza. Sababu naijua: changu wa kukaanga ana mafuta, na figili hukata mafuta hayo mdomoni kuliko tango, ambalo huleta ubaridi tu.

Mchuzi wa nazi ndio uliokuwa mtihani wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo kiazi kilipong'olewa kitini. Mara ya kwanza nilifanya kosa la kuidhania figili ni kiazi: niliikatakata, nikaitia mbichi pamoja na nyanya, manjano, thomu na tui jepesi, nikasubiri iive. Iliiva, lakini ukali wake wote ulihamia kwenye tui, na mchuzi ukawa na harufu ya kabichi iliyosahaulika jikoni. Mama mkwe alionja kipande, akakitafuna kwa muda mrefu, akauliza kwa upole wake wa kawaida, "Mwanangu, kiazi hiki kililala majini?"

Mara ya pili niliimenya, nikaikata vipande vya sentimita mbili hivi, nikaichemsha peke yake dakika tano na kuyamwaga maji yale. Kisha nilikaanga kitunguu kwa mafuta kidogo mpaka kikaanza kugeuka rangi, nikatia thomu na tangawizi zilizotwangwa, manjano, bizari nyembamba na nyanya mbili, na rojo lilipojitenga na mafuta nikatia figili na tui la pili. Ikatokota taratibu kwa dakika kumi na tano. Mwisho kabisa nikaepua, nikatia kasimile, lile tui zito la kwanza, na kukoroga kuelekea upande mmoja bila kuchemsha tena, ili tui lisikatike, nikamaliza kwa ndimu na majani ya dania. Mchuzi huu ulikuwa kitu kingine. Figili ilikuwa laini lakini haikupondeka, na ilikuwa imenyonya tui hadi katikati, jambo ambalo kiazi hakifanyi vizuri hivyo, kwa sababu kiazi hujaa wanga wake chenyewe. Siku iliyofuata, mchuzi ulipolala, ulikuwa mtamu zaidi.

Kasoro mbili nilizoziona katika mchuzi huo lazima zisemwe. Ya kwanza ni kwamba figili haiupi mchuzi uzito. Kiazi humung'unyika kidogo na kuufanya uwe mzito, ilhali figili huuacha mwepesi, na hata kuuongezea maji. Dawa yake ni kukaanga kitunguu kingi zaidi, au kusaga vipande vichache vya figili iliyoiva na kuvirudisha. Ya pili ni kwamba mtu anayekula figili kwa ajili ya afya kisha akaizamisha katika kasimile ya nazi mbili atakuwa amejidanganya, kwani mafuta ya nazi ni mengi na mazito. Mimi hutumia nazi moja kwa sufuria ya watu sita, na wali wa siku hiyo huupika mweupe bila tui.

Majani sitayasemea sana, ingawa ndiyo yaliyonifanya nilipende shada la Marikiti kuliko pakiti ya dukani. Yakiwa mabichi yana vinyweleo vinavyochoma ulimi, na yana mchanga mwingi. Niliyaosha maji matatu na bado mara moja tulitafuna changarawe. Yakishakatwa na kupikwa kama mchicha wa nazi, kwa kitunguu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuka, vinyweleo hupotea na hubaki ladha ya mchicha wenye uchungu kidogo. Jirani yangu wa Kigujarati alinielekeza njia nyingine, kavu: majani na vipande vya muli hukaangwa kwa haradali nzima na mafuta kidogo, na yanapolegea hunyunyiziwa unga wa dengu uliokwisha kukaangwa, ukanyonya maji yote na kuwa kama makombo yenye harufu ya njugu. Ukiila na mbaazi huhitaji nyama.

Jirani huyohuyo ndiye aliyenifundisha chapati ya muli, na kwa hakika hicho ndicho chakula kilichoombwa tena na tena nyumbani kwangu. Siri yake iko kwenye maji. Nilikwaruza muli mbili, nikaziweka chumvi dakika ishirini, nikazikamua ndani ya kitambaa safi juu ya bakuli. Zilitoa zaidi ya nusu kikombe cha maji, meupe, makali kidogo, yenye chumvi. Maji hayo hayamwagwi. Ndiyo yanayokandia unga, na mimi nilitumia unga wa ata badala ya ule mweupe, bila kuongeza chumvi nyingine. Makapi yaliyokamuliwa huchanganywa na dania, tangawizi, pilipili mbichi na bizari nyembamba, kisha hufungwa ndani ya donge la unga na kusukumwa polepole juu ya kibao. Ukichelewa kati ya kujaza na kusukuma, figili huanza tena kutoa maji na donge hupasuka. Nilipoteza mawili kwa njia hiyo, nikiwa naongea na simu. Juu ya chuma cha moto, kwa kupakwa samli kiasi cha ncha ya kijiko, chapati hutoa madoadoa ya kahawia na harufu ambayo ilimleta mwanangu wa kiume jikoni akiwa bado na viatu vya shule. Tuliila na mtindi mtupu. Mama mkwe anapewa moja, kwa sababu ngano ni wanga hata ikiwa ya ata, na moja humtosha kwa kuwa figili iliyo ndani huijaza.

Nitaje pia kilichoshindikana kabisa, ili mwingine asipoteze mafuta. Nilidhani kwamba kinachofaa kwa viazi karai kitafaa kwa figili. Nilichemsha vipande vya muli, nikavichovya katika uji wa unga wenye manjano na kuvitumbukiza kwenye karai. Mafuta yaliruka hadi kwenye pazia. Maji yaliyokuwa ndani ya figili yaligeuka mvuke, na lile koti la unga likavuka kama soksi, likielea upande mmoja huku figili ikizama upande mwingine, uchi na laini. Nilichokitoa kwenye karai kilikuwa mabonge ya unga yenye matobo. Figili haikaangwi ndani ya koti. Basi.

Zile nyekundu nilizipa nafasi tatu. Mbichi, zikiwa zimekatwa duara na kunyunyiziwa ndimu, zinapendeza sana machoni, na ndimu huifanya rangi yake ya waridi izidi kukolea, kwa sababu rangi hiyo hustawi penye uchachu. Zikichemshwa, rangi hukimbilia majini na zenyewe hubaki na weupe wa kusikitisha. Nilizipasua nusu nusu nikazipaka mafuta na pilipili manga, nikazichoma juu ya makaa pamoja na mishkaki. Zilikuwa tamu, lakini kwa shilingi 100 nilipata vipande ambavyo watoto wawili walivimaliza kabla nyama haijageuzwa. Anayealika wageni na kutaka sahani yenye rangi, azinunue. Kwa kulisha nyumba, hapana.

Nimeiacha achari mwisho kwa sababu ndiyo iliyozua kizaazaa. Sisi watu wa pwani tunajua achari ya embe na ya ndimu. Ya figili hufanywa kwa njia hiyohiyo, ila humaliza siku chache badala ya wiki. Nilikata muli tatu vipande vya urefu wa kidole pamoja na ganda lake, nikavitia chumvi kijiko kimoja cha mezani, nikavitandaza kwenye uteo juani tangu asubuhi hadi alasiri. Jua la Mombasa lilifanya kazi yake: vipande vilisinyaa na kuanza kupindika. Nilichemsha mafuta ya simsim kidogo, nikatia haradali nzima mpaka ikaruka, kisha uwatu kidogo sana, manjano, pilipili nyekundu ya unga na thomu iliyokatwa, nikaepua, na yalipopoa nikachanganya na vipande vile pamoja na siki na maji ya ndimu. Nikaijaza chupa ya glasi iliyokauka kabisa, nikaifunga na kuiweka kabatini.

Siku ya tatu binti yangu wa kwanza alifungua kabati na akakimbia. Alizima jiko, akafungua madirisha yote, akawaamuru wadogo zake watoke nje, kisha akaniita kazini akinieleza kwa sauti ya kutetemeka kwamba gesi inavuja. Nilimpongeza kwa busara yake, kwa sababu alifanya sawasawa na alivyofundishwa. Lakini gesi haikuwa ikivuja. Ilikuwa achari, ambayo kifuniko chake hakikukaza vizuri. Na kosa lake halikuwa la kijinga hata kidogo: gesi ya kupikia yenyewe haina harufu, na harufu tunayoijua hutiwa makusudi kutoka jamii ya vitu vyenye salfa ili uvujaji utambulike, na figili ikichachuka hutoa harufu ya jamii hiyohiyo. Kwa hivyo atakayeitengeneza aifunge vizuri, aiweke kwenye jokofu, na awaambie wenzake wa nyumbani mapema.

Harufu hiyo iko kwenye chupa tu, mdomoni haipo. Achari hiyo ina mkwaruzo wa kutafuna ambao embe haina, uchachu safi, na moto unaokuja baadaye na kuondoka haraka. Inafaa kwa wali na mbaazi za nazi, inafaa kwa samaki wa kuchoma, na inafaa sana kwa dengu. Upungufu wake ni chumvi. Kwa mwenye presha si kitu cha kula kwa bakuli, na mimi huisuuza kidogo kabla ya kumpakulia mama mkwe kijiko chake kimoja. Nimejaribu kupunguza chumvi kwa nusu. Ilitoka laini, bila ule mkwaruzo, na ilianza kuota ukungu juu siku ya sita hata ndani ya jokofu, kwa hiyo nimerudi kwenye kipimo cha kwanza na kutengeneza kidogo kidogo.

Kuhusu utunzaji, ukifika tu nyumbani tenganisha majani na mzizi. Yakiachwa pamoja, majani huendelea kunyonya maji ya mzizi na siku mbili baadaye vyote viwili vimelegea. Mzizi niliufunga kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya jokofu ukakaa siku kumi bila kubadilika. Majani huyapika siku hiyohiyo au inayofuata. Nje ya jokofu, kwa joto la hapa, usihesabu zaidi ya siku mbili.

Kama ningetoa alama, muli ya Marikiti yenye majani ningeipa nane kati ya kumi, moja ikipungua kwa sababu ya hatari ya kupata yenye pamba, na nyingine kwa sababu haina uvumilivu: ukikosea dakika tano za kuichemsha, chakula kizima kinanuka. Nyekundu ya pakiti ningeipa nne, na hizo ni kwa ajili ya rangi. Sukari ya mama mkwe sitaihusisha na figili peke yake, kwani amepunguza mengi na anatembea kila alasiri hadi ufukweni. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba hajaniuliza habari za viazi kwa wiki tatu sasa.

Anachouliza ni kitu kingine. Achari ile watoto wameshaipa jina, wanaiita achari ya gesi, na jina hilo limemfikia yeye pia. Jana chupa ilikuwa imebaki na vipande vitatu. Nilipokuwa nikiosha vyombo nilimsikia akimwambia mjukuu wake, kwa sauti ya chini, aende akaangalie kama mama yake amegeuza mgongo.